Mtoto Aliyenakili Jina la Jirani

Daftari lile lilikuwa safi kuliko yote darasani. Herufi zimekaa sawasawa juu ya mistari, tarehe imepigiwa mstari kwa rula, na karibu kila ukurasa una alama ya vema ya kalamu nyekundu. Mwalimu wa darasa la pili, aliyekuwa na watoto zaidi ya 90 katika chumba kimoja, alimsifu mwenye daftari hilo kwa utulivu wake. Nilikuwa nimefika shuleni hapo kwa kazi ya kuwatambua watoto wenye mahitaji maalumu, na mvulana huyo hakuwemo kwenye majina niliyopewa. Nililifungua daftari lake kwa kuwa tu lilikuwa juu ya rundo. Jina lililoandikwa juu ya zoezi la Kiswahili halikuwa lake. Nikageuza ukurasa, nikakuta jina lile lile. Lilikuwa la msichana aliyekaa naye dawati moja. Mwaka mzima mtoto yule alikuwa akinakili kila alichokiona kwa jirani yake, hadi jina.

Nilimwita pembeni nikamwonyesha neno moja, "baba", nikamwomba anisomee. Aliniangalia usoni, akatabasamu, akasema, "Ndiyo, mwalimu."

Nimeifanya kazi hii kwa zaidi ya miaka 20, na nimeisikia "ndiyo" hiyo katika shule nyingi. Ni ya mtoto aliyekwisha kujifunza, kabla ya kujifunza kusoma, namna ya kumridhisha mtu mzima ili aondoke.

Tunapotaja ulemavu wa akili, wengi huwaza mtoto ambaye hali yake inaonekana tangu mbali, asiyeongea au anayehitaji kulishwa na kuvishwa. Hao wapo, na wana haki zao. Lakini takribani asilimia 85 ya watu wenye ulemavu wa akili wana ulemavu mdogo. Wanatembea, wanacheza, wanatania, wanapenda na kukasirika kama wenzao. Kinachowatofautisha ni mwendo na kina cha kujifunza: wanahitaji muda mrefu zaidi, marudio mengi zaidi, na vitu vya kushika na kuona kabla ya kufika kwenye mawazo matupu. Kwa vipimo vya akili vya kitaalamu alama zao huwa kati ya 50 na 70 hivi, pale ambapo wastani wa watu wote ni 100. Hata hivyo, mwongozo wa uainishaji unaotumika sana Marekani ulibadilishwa mwaka 2013, na kiwango cha ulemavu sasa hupimwa kwa namna mtu anavyoyamudu maisha yake ya kila siku, si kwa namba hiyo.

Tafiti nyingi zinakadiria kuwa mtu mmoja katika kila 100 ana ulemavu wa akili, na katika nchi zenye kipato cha chini idadi huwa kubwa zaidi. Chukua shule ya msingi ya kata yenye wanafunzi 1,000. Kwa hesabu ya chini kabisa ina watoto 10 wa aina hii, na wanane kati yao ulemavu wao ni mdogo. Mwulize mwalimu mkuu ana watoto wangapi wenye ulemavu wa akili. Mara nyingi atataja wawili, labda watatu. Waliobaki wapo, wamekaa madawati ya nyuma.

Nyumbani nako hawajulikani, na sababu yake inafaa kutazamwa kwa utulivu. Mama wa mvulana wa daftari safi alishangaa nilipomweleza. "Huyu mbona namtuma dukani?" aliniuliza. "Mbuzi analisha yeye. Mdogo wake anambeba yeye." Hakuwa anabishana nami. Alikuwa ananipa majibu ya kipimo chake, na kipimo hicho kina uzito. Mwanasaikolojia Robert Serpell aliishi na kufanya utafiti kwa miaka mingi miongoni mwa Wachewa wa mashariki mwa Zambia, na mwaka 1993 akatoa kitabu juu yake. Aligundua kuwa akili, kwa Wachewa, haikamiliki kwa werevu peke yake. Ndani yake kuna sifa wanayoiita kwa kitenzi *tumikila*: mtoto anayeweza kutumwa, akaenda, akarudi na alichotumwa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani, maana kitenzi hicho ni ndugu wa *kutumikia*. Serpell aliwaomba wazee wamwambie ni mtoto yupi wangemtuma kwa kazi fulani nzito, na uchaguzi wao haukuafikiana sana na alama za vipimo vya kisaikolojia.

Huko Marekani mwaka 1969 kamati ya rais iliitisha mkutano juu ya watoto wa mitaa ya maskini, na kutokana nao ikatoka taarifa iliyozungumzia mtoto mwenye ulemavu wa saa sita. Ni mtoto anayeonekana mzima nyumbani na mtaani, kisha kengele ya asubuhi ikilia anakuwa mlemavu mpaka kengele ya kutoka. Wapo waliolitumia wazo hilo kudai kwamba ulemavu huu ni uzushi wa shule tu. Siafikiani nao. Mvulana wangu alikuwa na ugumu halisi, na ungemfuata hadi ukubwani. Ila wazo hilo lina ukweli mmoja ninaoushikilia: shule ndiyo mahali panapougeuza ugumu kuwa aibu.

Tazama aibu inavyopikwa. Mwalimu anamaliza kueleza, anageuka kutoka ubaoni, anauliza, "Tumeelewa?" Darasa zima linaitikia kwa sauti moja, "Ndiyooo!" Hakuna mtoto wa miaka minane mwenye ujasiri wa kusema "hapana" katikati ya kwaya ile. Asiyeelewa anafungua kinywa pamoja na wenzake. Baada ya miezi michache amekuwa hodari wa kuitikia, kunakili, kuinamisha kichwa swali linapozunguka, na kuomba ruhusa ya kwenda msalani zamu yake ya kusoma inapokaribia. Mwanaanthropolojia Robert Edgerton aliandika mwaka 1967 juu ya watu wazima waliotolewa katika hospitali moja ya California baada ya kuishi humo kwa kupewa jina la ulemavu wa akili. Alikuta kwamba sehemu kubwa ya nguvu zao za kila siku ilikwenda kwenye kujifunika, ili jirani, bosi au mchumba asijue. Alikifananisha kifuniko hicho na joho la uwezo. Kwetu joho hilo linaanza kushonwa darasa la kwanza.

Na akivuliwa, anapewa jina. Kila shule ina vipanga wake na vilaza wake. Nimewasikia walimu, watu wema ambao ningewakabidhi watoto wangu, wakilitamka neno "kilaza" mbele ya mtoto mwenyewe kama wanavyotaja kabila au mtaa anakotoka. Baada ya jina huja fimbo. Kanuni za viboko nchini Tanzania, kama zilivyorekebishwa mwaka 2002, zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa mkono wa mwalimu mkuu au aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Yeyote aliyekaa shuleni wiki moja anajua uchapaji wa kila siku ulivyo mbali na maandishi hayo. Mtoto aliyekosa hesabu moja katika kumi anachapwa kimoja. Aliyekosa zote kumi ndiye aliyehitaji kufundishwa zaidi, na ndiye anayechapwa zaidi. Fimbo haiongezi nafasi kwenye kumbukumbu. Inachofanya ni kuijaza hofu nafasi ndogo iliyokuwapo.

Nimetaja kumbukumbu kwa makusudi, maana ndiko kiini cha ugumu kiliko. Tunapofikiri tunashikilia mambo machache kwa wakati mmoja kichwani huku tukiyafanyia kazi. Kwa mtoto huyu kiganja hicho cha akili ni kidogo. Mwambie, "Toa daftari la hisabati, fungua ukurasa wa 32, fanya swali la pili na la nne, ukimaliza lete mezani." Atatoa daftari. Hayo mengine yameshamwagika. Mwalimu anaona ukaidi, kwa kuwa wenzake wote wameelewa na huyu amekaa anatazama dirishani.

Nilimfahamu msichana mmoja wa darasa la nne, mwenye miaka 12, aliyemsaidia mama yake kuuza gengeni karibu na shule. Siku moja nilinunua mafungu matatu ya nyanya, kila fungu shilingi 500, nikampa noti ya 2,000. Alinirudishia 500 bila kusita. Kesho yake nikamkuta darasani ana swali ubaoni: 2,000 kutoa 1,500. Jibu lake lilikuwa 1,500. Alikuwa ametoa tarakimu ndogo katika kubwa kwenye kila safu, bila kujali ipi iko juu, kosa wanalolifanya watoto wengi kabisa. Nilipomnong'oneza, "Hiyo chenji ungempa mteja?" aliduwaa. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba zile za ubaoni na zile za gengeni ni fedha zile zile.

Hapo ndipo watoto hawa wanapotupotea. Wana ujuzi upande mmoja wa mto na somo liko upande wa pili, na hawajengi daraja wenyewe kama wafanyavyo wengine. Anayejifunza kusoma "kalamu" kwenye kadi huenda asiitambue "kalamu" kwenye kitabu. Anayejua kujumlisha kwa vizibo vya soda huenda asijue kwamba alama ya + inamtaka afanye jambo lile lile. Mwalimu anayelijua hili atalijenga daraja kwa mkono wake: noti halisi mezani, kisha picha ya noti, kisha tarakimu, na safari hiyo kurudiwa mara 20 pale ambapo wengine walihitaji mbili. Hakuna mashine wala dawa inayohitajika. Kinachohitajika ni muda, na muda ndio ambao muhtasari wa masomo hautoi.

Kiswahili chetu kina neno moja lenye maana mbili ambazo shule imezioanisha kwa bahati mbaya. *Kukariri* ni kushika maneno kwa kuyarudia bila kuyaelewa. *Kukariri* pia ni kurudia darasa. Mtoto anakariri kwa maana ya kwanza, anashindwa mtihani, kisha anakaririshwa kwa maana ya pili: mwaka ule ule, ubao ule ule, mara nyingi mwalimu yule yule, kwa njia ile ile iliyoshindwa. Nimewaona watoto wa miaka 13 wakiwa darasa la pili, magoti hayaingii chini ya dawati. Mwaka wa pili wa somo lisiloeleweka hautibu chochote. Tofauti pekee ni kwamba mtoto sasa amepoteza na marafiki.

Nikiri hapa ugumu ambao wataalamu tunaupita haraka. Tathmini za usomaji za Uwezo zimeonyesha mara kwa mara kwamba katika Afrika Mashariki watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Sasa, darasa likiwa na watoto 40 wasiojua kusoma, utamjuaje mwenye ulemavu na ambaye hakuwahi kufundishwa vizuri? Kwa mtu aliyesimama mlangoni wote wanafanana. Wapo ambao shida yao ni macho. Wapo wasiosikia vizuri kwa masikio yaliyotoka usaha tangu utotoni. Yupo anayekuja na njaa, na yupo ambaye nyumbani anasema Kisukuma au Kihaya, na Kiswahili amekutana nacho shuleni. Kumbandika mmoja wao jina la ulemavu wa akili ni dhambi kubwa kama ile ya kumnyima msaada mwenye ulemavu huo.

Vipimo vya karatasi havitatuokoa. Alfred Binet na mwenzake Simon walipotengeneza kipimo cha kwanza huko Paris mwaka 1905, kusudi lao lilikuwa kuwapata watoto waliohitaji msaada darasani, na Binet mwenyewe aliamini akili inaweza kufanyishwa mazoezi ikakua. Wengine ndio waliokuja kuigeuza namba ile kuwa hukumu. Vipimo vingi tunavyoazima vimejaa picha na maneno ya maisha ya kwingine. Njia ninayoiamini ni ya polepole. Kwanza macho na masikio vikaguliwe, jambo ambalo muuguzi wa zahanati anaweza kulianza. Kisha watoto wote waliobaki nyuma wafundishwe kwa wiki 10 au 12 kwa kiwango walichopo, bila kujali darasa lao. Wengi wataruka juu kwa kasi inayoshangaza. Watakaosogea kidogo kidogo licha ya mafundisho mazuri, na ambao hata nyumbani wadogo zao wamewapita katika kujitegemea, hao ndio wa kupelekwa kwa mtaalamu. Kenya ilianza vituo vya upimaji wa kielimu mwaka 1984 na taasisi ya kuwafundisha walimu wa elimu maalumu mwaka 1986. Tanzania tuna chuo cha Patandi, Arusha, na wahitimu wake ni hazina. Lakini vituo vya upimaji ni vichache, na mzazi wa kijijini akiambiwa "mpeleke akapimwe" anaambiwa auze mbuzi.

Historia inaeleza kwa nini kundi hili liko mwisho wa foleni. Hapa Tanzania, shule ya wasioona ya Buigiri ilianza mwaka 1950 na ya viziwi Tabora mwaka 1963. Elimu kwa watoto wenye ulemavu wa akili ilisubiri hadi miaka ya 1980. Mwaka 1994, serikali 92 zilikutana Salamanca, Hispania, zikatamka kwamba shule ya kawaida iwapokee watoto wote. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga sheria yake mwaka 2010, na mikakati ya elimu jumuishi imefuatana tangu hapo. Kwenye karatasi hatuna deni kubwa. Darasani, jumuishi mara nyingi imekuwa na maana ya kumpa mtoto dawati.

Mfano ulio wazi ni mtihani wa darasa la saba. Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu muda: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Kwa asiyeona anayepapasa nukta nundu, huo ni uungwana na haki. Kwa mtoto ninayemzungumzia, ni dakika 20 zaidi za kulitazama swali ambalo sentensi yake ina vishazi vitatu. Angesaidiwa na swali lile lile likiandikwa kwa sentensi fupi, au akisomewa kwa sauti, au akiruhusiwa kuonyesha kwa mikono anachokijua. Na akivuka kwa namna yoyote kuingia sekondari, anakutana na Kiingereza cha kufundishia. Lugha pekee aliyokuwa ameanza kuisoma kwa shida inafungiwa nje ya mlango.

Sera ya elimu, katika toleo lake la mwaka 2023, imeleta elimu ya lazima ya miaka 10 na mkondo wa amali katika sekondari. Ninaipokea kwa moyo wa matumaini, kwa kuwa wengi wa vijana hawa hufanya vizuri mikono ikishika kitu. Lakini niseme mapema: amali isigeuzwe jalala la vilaza. Useremala una vipimo, ushonaji una hesabu, na mwalimu wa amali anahitaji mafunzo ya kumfundisha kijana huyu sawasawa na mwalimu wa Kiswahili.

Kuna jambo moja siwezi kulipita. "Ndiyo, mwalimu" haiishii kwa mwalimu. Mtoto aliyefunzwa kumridhisha kila mtu mzima atamwambia "ndiyo" pia dereva wa bodaboda, jirani mwenye pipi, mjomba aliyekuja kukaa. Wasichana wenye ulemavu mdogo wa akili wako katika hatari kubwa ya kunyanyaswa kingono, na miili yao haisubiri usomaji wao. Kufundisha "hapana", kwa kuigiza, kwa kurudia, kwa majina halisi ya viungo vya mwili, ni somo la msingi kwao kama kusoma, kuandika na kuhesabu. Wazazi wengi huona haya. Nawaelewa, lakini haya hiyo hailindi binti yeyote.

Swali ninaloulizwa zaidi na akina mama ni hili: nimpeleke kwenye kitengo cha elimu maalumu au abaki na wenzake? Kwa ulemavu mdogo, jibu langu ni abaki, kwa sharti kwamba shule ikubali kubadilika kidogo kwa ajili yake. Aketi mbele. Apewe agizo moja kwa wakati mmoja. Aulizwe peke yake na aonyeshe kwa vitendo, maana kuitikia hakuthibitishi kitu. Awe na rafiki wa kumsaidia ambaye hatamfanyia kazi. Apewe maswali matano badala ya 20, na hayo matano ayaelewe. Kitengo kilichopo shuleni kiwe mahali pa kwenda saa moja kwa siku kuongezewa nguvu, kisha arudi. Mwalimu wa watoto 90 atasema hawezi, na sitamlaumu. Darasa la watoto 90 halimtendei haki mtoto yeyote, awe kipanga au la. Ila nimeona walimu wa madarasa hayo hayo wakiweza nusu yake, na nusu hiyo ilitosha kumtoa mtoto kwenye kunakili.

Yule mvulana wa daftari safi tulimfundisha kusoma kwa mihula mitatu, mimi na mwalimu wake. Alifika kwenye maneno mafupi na jina lake. Kisha mwalimu akahamishwa, nami nikapangiwa wilaya nyingine, na akamaliza darasa la saba kama walivyomaliza wengi. Nilimkuta miaka ya karibuni, kijana mrefu, anachomelea madirisha ya chuma kwenye karakana ya mtu. Kazi yake ni safi kama lilivyokuwa daftari lake. Futi ya kupimia haitumii. Anakata kipande cha nondo sawa na upana wa dirisha na kukitumia kama kipimo chake, na madirisha yake yanaingia ukutani bila kugongwa. Tulipokuwa tunaongea simu yake ikaita kwa ujumbe. Aliitazama kidogo, akampa kijana aliyekuwa karibu amsomee, akisema macho yanamsumbua kwa sababu ya moto wa kuchomelea.